Kazi Yangu Ilikuwa Kufa

Nimestaafu mwaka huu, na vijana wawili wanaofanya kiinimacho katika shule za Mwingi na Garissa wameniomba niwaandikie yale ninayoyajua. Walichotaka hasa ni siri za vifaa. Hizo nimewapa kwa mdomo na hazikumaliza hata saa moja, maana ni chache na nyingine ni za aibu. Haya ninayoandika ni yale mengine. Anayetafuta humu namna ya kutoa yai sikioni mwa mtoto amepotea njia.

Jina langu ni Musyoki. Kwa Kikamba maana yake ni aliyerudi. Nilizaliwa baada ya ndugu yangu kufa, wazee wakaamua kwamba ni yeye. Baba alikuwa mpishi wa shule ya bweni mjini Garissa, nami nikalelewa huko tangu nikiwa na miaka minne. Nilisoma na watoto wa Kisomali nikakijua Kisomali kwa kiasi cha kununua, kutukana na kuomba msamaha. Wao hawakujisumbua na jina langu. Waliniita Muse, na mpaka leo nikishavuka daraja la Tana mimi ni Muse.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Komora, Mpokomo wa Hola, aliyejiita Profesa Ajabu. Alikuwa mrefu, mwembamba, koti jeusi moja, na sauti ambayo ungedhani imekopwa kwa mtu mnene. Miaka ya tisini ilipoanza alikuwa akizunguka shule na vituo vya machifu kutoka Garissa kwenda juu, kila mahali lori lilipokubali kumfikisha. Msaidizi wake wa kwanza alikuwa ameoa na mke hakutaka mume anayekufa kila Jumamosi. Mimi sikuwa na mke, kwa hiyo nafasi ikawa yangu.

Siku ya kwanza alinilaza chini nyuma ya jiko la shule, mchana wa saa saba, akaniambia nife. Nikafumba macho. Nzi mmoja akatua kwenye mdomo, nikampuliza. "Umefufuka," akasema Komora. "Anza tena." Siku hiyo nilikufa mara kumi na mbili. Garissa haina uhaba wa nzi, na nzi ndio wakaguzi wa kazi yetu: mtu anaweza kubana pumzi, anaweza kulegeza shingo, lakini nzi akimtembelea ukopeni ndipo unapojua kama ni maiti au ni mwigizaji. Ilinichukua wiki tatu. Ya nne nililala na nzi wawili usoni nikiwaza chakula cha jioni.

Mchezo wetu mkubwa ulikuwa wa tenga. Lilikuwa tenga refu la kusukwa, la kumficha mtu aliyechutama, lenye kifuniko. Naingia nikiwatazama watu, Profesa anafunga, kisha anachomeka vyuma saba vilivyochongwa ncha. Siri yake ni kujigeuza. Kifuniko kikishafungwa, mimi ndani nageuka nyuma mbele, mgongo kwa watu, na kwa mkao huo mwili unapata nafasi kati ya vyuma. Ni hilo tu. Miaka yote watu walikuwa wakilipigia ukelele tenga lile, na siri yenyewe ni mtu kugeuka.

Kabla ya kuchoma, Profesa alitoa hotuba. Alisema kazi hii ni ya hatari ya kweli, na kwamba msaidizi aliyenitangulia alifia ndani ya tenga hili hili. Mara ya kwanza kuisikia nilimuuliza baadaye, "Mzee, nani alifia humu?"

"Bado," akanijibu. "Utakuwa wewe, ukikohoa."

Lakini alikuwa na kanuni, na hiyo nataka muiandike ukutani. Alisema hatari yetu iwe ya mdomo, isiwe ya mwili. Asiumie mchezaji, asiumie mtazamaji. Watu wamekuja kuogopa na kurudi nyumbani na ngozi zao zote. Sheikh mmoja wa mtaa wa Galbet, mtu mpole mwenye macho makali, aliongeza kanuni ya pili. Alimwita Komora akamuuliza kama afanyacho ni sihiri au ni mchezo. Komora akasema mchezo. "Basi waambie kabla, si baada," sheikh akasema. "Na uwaambie kwa lugha wanayoisikia." Toka siku hiyo, kabla ya kila onyesho, mimi ndiye niliyesimama mbele na kutangaza kwa Kisomali: waa ciyaar, ni mchezo tu. Niliisema kama kondakta anavyotaja vituo, bila moyo. Sikujua kwamba ndiyo sehemu iliyokuwa na uzito kuliko zote.

Sasa niseme kosa langu, maana lilikuwa langu.

Tulikuwa tumeanza kumwita mtazamaji mmoja aje achome chuma cha saba mwenyewe. Watu walipenda, lakini waliochoma walikuwa wakirudi wakitabasamu na kuwanong'oneza wenzao kwamba chuma kimepita hewani tu. Iliniudhi. Nikapata wazo. Nikanunua paja la mbuzi kwa bucha, halali, aliyechinjwa vizuri, nikalifunga kitambaa na kuliangika ndani ya tenga mahali chuma cha saba kinapopita, kando ya mbavu zangu, na nyuma yake mfuko wa uji mwepesi uliotiwa rangi nyekundu. Sasa anayechoma alihisi kitu. Chuma kilikataa kidogo, halafu kikaingia. Uji ukatoka chini ya tenga ukachuruzika. Nilijiona fundi.

Komora hakupenda. Alichukua chuma akajaribu mwenyewe mara moja, akapangusa mkono wake kwenye koti. "Jicho likidanganywa hucheka," akaniambia. "Mkono ukidanganywa haucheki." Lakini makofi yalizidi, naye alikuwa mzee mwenye watoto wengi, akanyamaza. Tulifanya hivyo karibu mwaka mzima. Profesa akazidi kuongeza pilipili: tenga likifunguliwa nami nimelala nimelowa wekundu, alimgeukia aliyechoma na kumwambia kwa sauti ile ya kukopa, "Bwana, umeua mtu!" Kisha alinifunika shuka, akahubiri kidogo juu ya kuwatii wazazi, na baada ya muda akanifufua. Mjini watu walicheka mpaka wakajishika mbavu.

Tulipofika Balambala ulikuwa msimu wa ukame, na upepo ulikuwa ukipiga tangu asubuhi. Watu walikusanyika katika uwanja wa chifu, wengine wakazi, wengine wachungaji waliokuja mnadani. Upepo uliangusha pazia letu mara mbili. Profesa akaamua tuanze na tenga mara moja kabla halijaanguka nalo, michezo midogo ifuate. Nikaingia haraka. Kifuniko kikafungwa, nikajigeuza. Ni hapo ndani, nikiwa nimechutama gizani na harufu ya paja la mbuzi puani, nilipokumbuka kwamba sijasema maneno yangu. Nikamsikia Komora akisema kwa Kiswahili, upesi upesi, kwamba huu ni mchezo. Nikajiambia yatosha.

Aliyeitwa mbele aliitwa Gedi. Jina nililijua baadaye. Wakati ule, nikichungulia chini ya kwapa kupitia matundu ya tenga, nilijua miguu yake tu, viatu vya tairi, na vumbi la safari ndefu hadi magotini. Kiswahili hakuwa nacho hata neno. Walimsukuma wenzake wakicheka. Chuma kikaja, kikakutana na nyama, kikasimama. Nilisikia pumzi yake nje, karibu kabisa na sikio langu. Kisha akasukuma.

Sehemu iliyobaki nilikuwa maiti, kwa hiyo nasimulia niliyoambiwa. Profesa aliposema umeua mtu, mmoja kati ya watu, kwa mzaha, akamtafsiria Gedi. Gedi alinitazama nikiwa nimelala. Nzi walikuwa wamekwisha kuja kwenye uji. Alitazama mkono wake. Kisha akageuka akapita katikati ya watu bila kukimbia, akaondoka. Nilipofufuliwa, watu walipiga makofi, nami nikainama mara tatu kama nilivyofundishwa. Wakati wa kufunga vitu nikaona fimbo imeegemezwa kwenye tenga. Ilikuwa ile fimbo ya wachungaji yenye ndoano upande mmoja na panda upande wa pili, ya kukatia na kuvutia miiba ya boma. Nilikaa nayo mkononi. Mchungaji kuacha fimbo yake ni kama mtu kuondoka na kuacha mguu. 

Asubuhi ya pili tulikuwa tukinywa chai kwa chifu wazee watatu walipoingia. Waliketi. Walitusalimia kirefu, wakauliza habari za safari, za wanyama, za mvua. Aliyesema alikuwa mzee mwenye ndevu zilizotiwa hina, Adeer Nuur, ami yake Gedi, aliyewahi kuwa mlinzi wa shule na akajivunia Kiswahili chake. Adeer ni ami, na kila mzee unamwita hivyo kwa heshima.

"Sisi nakuja kwa ajili ya mtu yenu," akasema. "Kijana yetu ameua yeye jana. Sisi hatukimbii. Tunataka kujua watu yake ni nani, tukae chini na wao."

 Mimi ndiye niliyekuwa nikiwamiminia chai. Nikaweka birika chini.

"Adeer, mtu mwenyewe ni mimi."

Alinitazama. Hakushtuka wala hakucheka. Alinitazama kwa muda mrefu kama anayekagua mnyama aliyeambiwa ni mzima. Nikajaribu kumweleza kwa Kisomali, akainua mkono. "Kisomali yako inachechemea. Sema Kiswahili." Nikaeleza tenga, nyama, uji wa rangi. Wale wengine wawili wakatafsiriwa. Mmoja akasema kitu kifupi na Adeer Nuur akatikisa kichwa.

"Basi matatizo ni mbili," akasema. "Wewe uko hai. Na Gedi hajui."

Gedi alikuwa amefika kwao jioni ya onyesho. Alifanya kama afanyavyo mtu mwenye adabu aliyeua: aliwaambia watu wake kwanza, ili wajitayarishe na waende kwa wenye maiti kabla kisasi hakijaja. Kisha akaondoka usiku ule ule, kabla wazee hawajaanza safari ya kuja kwetu, maana mwenye damu mkononi halali penye watoto. Kisasi kikimfuata, kimkute peke yake. Alikwenda upande wa mashariki, mbali na mto, na ukame ule. Hakuchukua maji ya kutosha. Fimbo, tunajua ilikokuwa.

"Nitatuma watu wamwambie," chifu akasema.

"Hataamini," Adeer Nuur akajibu. "Atasema ni wazee wanamdanganya arudi akae na mama. Huyu ndio anaweza." Akanielekezea kidevu. "Maiti yenyewe iende."

Tukaenda, mimi, Adeer Nuur na punda mmoja wa maji. Profesa alibaki, alisema miguu yake haiwezi, na kwa kweli haikuweza. Nilibeba ile fimbo.

Nimefanya kazi nyingi ngumu lakini ile safari ndiyo ninayoiota. Mnajua desturi ya huko: wakikutana wawili njiani, hawapishani bila kupeana habari. Sikio halilali njaa. Kila tuliyekutana naye aliulizwa habari akatupa habari, na habari ilikuwa mimi. Mwenye mbuzi wa kwanza alituambia Mkamba mmoja ameuawa Balambala. Wa pili alijua kuwa Mkamba huyo alikuwa na mama mzee. Ni kweli nilikuwa na mama mzee. Saa sita mchana, penye kivuli kisicho kivuli, mwenye ngamia alitueleza kwamba nimezikwa chini ya mti upande wa mto, na kwamba kabla sijakata roho niliomba maji.

"Aliomba maji?" nikauliza. Kisomali changu kilichechemea vile vile.

"Mara tatu," akasema yule bwana. "Hawakumpa." Akasema inna lillahi, akaendelea na ngamia wake.

Toka hapo kiu ilinishika ambayo haikukatika. Nilikunywa nikanywa. Adeer Nuur alinitazama nikinywa, na mimi sikumwambia kwamba nilikuwa nikitazama kivuli changu kila baada ya hatua chache kuhakikisha kipo. Mtu akisimuliwa kifo chake na watu watatu wasiojuana, wote bila nia mbaya, huanza kujiuliza mwenyewe.

Kambini kwao Gedi tulifika alasiri. Mama yake alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyelia. Adeer Nuur alimweleza. Alikuja akasimama mbele yangu.

"Fua shati," Adeer akaniambia. Nimelelewa Garissa, najua vua na fua zinalala kitanda kimoja huko. Nikavua. Yule mama alinipapasa mbavu moja moja, kushoto na kulia, kwa vidole vigumu, kama atafutaye kupe. Kisha akarudi nyuma akamwambia Adeer maneno niliyoyaelewa vizuri kabisa. "Huyu si yule. Mtoto wangu alisema chuma kiliingia nyama, alikisikia. Huyu hana jeraha. Mmeokota Mkamba mwingine."

Nikasema ilikuwa nyama ya mbuzi. Nikasema waa ciyaar, mama, ni mchezo. Akaniuliza, bila ukali, ni mchezo gani una damu.  Niliona aibu, nikavaa shati.

Siku ya pili tulifuata nyayo za viatu vya tairi. Adhuhuri Adeer Nuur alisimama ukingoni mwa laga, mto mkavu wenye mchanga mweupe, akaonyesha. Mbali chini ya kichaka kulikuwa na mtu ameketi. Hakuwa akitikisika.

"Yuko hai," akasema. "Lakini hakunywa. Yeye anangoja."

"Anangoja nini?"

"Watu yako."

Kisha Adeer akafanya jambo ambalo sikulielewa mara moja. Alichomoa kisu chake alani akakiweka juu ya jiwe, baina yetu, mpini ukinielekea mimi. "Saa ya swala," akasema. "Mimi naenda nyuma ya ile mti. Mimi sioni kitu." Akatayamamu kwa mchanga, akanipa mgongo.

Nilitazama kisu. Nikamkumbuka yule mama na vidole vyake. Katika kazi yangu yote, miaka ile na iliyofuata, damu iliyotoka ilikuwa uji na rangi. Hatari yetu iwe ya mdomo. Nilijikata ubavuni mara moja, si kwa kina, mahali pale hasa paja la mbuzi lilipokuwa likining'inia. Nilitaka iwe sahihi. Fundi hata akitubu anataka kazi iwe safi. Niliuma kitambaa kwa meno, nikakibana pale, nikavaa shati juu yake likalowa. Adeer alimaliza swala yake, akafuta kisu mchangani, akakirudisha alani, na hatukuzungumza juu yake tena maishani.

Gedi alituona tukija. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kitambaa cha kichwa, umezungushwa mara nyingi hadi kiwiko, kama kitu asichotaka kukiona. Midomo ilikuwa imepasuka. Hakukimbia. Aliponitambua alianza kusoma dua, sauti haikutoka, midomo tu. Nilimwekea fimbo yake mbele. Nikafungua shati. Nikamwambia kwa Kisomali kwamba chuma kiliingia kidogo tu, kwamba niliumia lakini ninaishi, na nimemsamehe. Vijana wangu, huo ulikuwa uongo, na ndio onyesho langu bora.

Alitazama jeraha. Alinitazama usoni. Alitazama tena jeraha, kwa muda, na kuna kitu kilipita machoni mwake nilichokidhania ni nafuu. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, nikampa maji, akanywa.

Komora alikuwa amelichoma tenga tuliporudi. Alilichoma mwenyewe nyuma ya duka moja, pamoja na kifuniko. Hatukulifanya tena. Tulibaki na kamba, mayai, sarafu na njiwa mmoja mvivu, na hotuba ya msaidizi aliyekufa ikafutwa. Baada ya miaka kadhaa Komora naye alikufa, kwa kweli, kwao Hola. Nilikaa karibu na jeneza kwa muda mrefu kuliko walivyokaa wenzangu, nikimtazama ukope. Nzi alitua. Ndipo nikaamini, nikalia.

Mimi niliendelea na kazi. Kabla ya kila onyesho nilisema kwa kila lugha iliyokuwapo uwanjani kwamba ni mchezo, na sikumwita mtu mbele ila nilimshika mkono mwenyewe nikamrudisha mpaka kwenye kiti chake, nikamwonyesha kitu kizima kabla ya makofi. Wengine walisema naharibu utamu. Na waseme.

Gedi alihamia Garissa miaka iliyofuata, akapata kazi katika mnada wa mifugo, akajifunza Kiswahili. Kila nilipopita mjini nilimtembelea kwake Galbet. Hakuwa akichinja. Mtu aliyekua kwa mifugo, akipata mgeni humwita jirani amchinjie mbuzi, naye hukaa ndani mpaka wamalize. Kila mara, baada ya chai, alisema neno moja tu, "Fua," nami nilivua shati, akaweka mkono kwenye kovu, akatulia, kisha akaniambia nivae. Nilidhani anajituliza. Nilijiambia uongo wangu umemponya mtu, na kwamba uongo mwingine ni dawa.

Mwaka huu nilikwenda kumwambia kwamba nimestaafu, na nilikuwa nimeamua kumwambia kweli. Ndevu zake ni nyeupe sasa. Alisema, "Fua." Nikavua. Aliweka mkono kwenye kovu, upande wangu wa kulia. Halafu akauhamisha. Akauweka upande wa kushoto, penye ngozi nzima.

"Mimi nilidunga hapa," akasema.

 Niliingia ndani ya tenga nikimtazama yeye, na kwake yeye ndivyo nilivyobaki: kulia kwangu niliyejigeuza gizani kulikuwa kushoto kwa mtu aliyemwona akiingia.

"Tangu lini unajua, walaal, ndugu yangu?"

"Tangu ile siku. Kule laga."

"Na ukanywa maji?"

"Mtu ametembea siku mbili, amejikata mwenyewe kwa ajili yangu," akasema Gedi. "Nikikataa maji yake, nitakuwa nimeua wawili."

Nilimweleza yote. Nilichukua kapu la mkaa la mkewe, nikachutama nyuma ya kapu, mzee mzima, nikamwonyesha jinsi nilivyokuwa nikigeuka. Siri ambayo sikuwahi kumwambia mtu asiye wa kazi nilimwambia mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kisomali kinachochechemea. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgeni. Nilipomaliza alinimiminia chai.

"Wewe mtu mzuri, Muse," akasema. "Ile ingine, ile ilikufa, namuombea kila Ijumaa. Lakini sijui jina yake. Unajua jina yake?"

 Miaka yote kazi yangu ilikuwa kuwafanya watu wasiamini walichokishika, na sasa nilikuwa na mtu mmoja asiyeamini, na sikuwa na kingine cha kumpa.

"Musyoki," nikamwambia.

Alilirudia mara mbili, taratibu, apate kulishika. Akanishukuru, akaniambia nivae shati, kuna upepo.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa nyumbani Mwingi. Adhana ya mchana ilipotoka msikiti wa sokoni nilikuwa nimeketi nje, nikajilaza kwenye mkeka nikatulia kama nilivyofundishwa. Nzi akaja akatua kwenye mdomo. Sikumfukuza.